Mkanda wa Siku ya Hina

Nakumbuka siku aliyopakwa hina bibi harusi Mwanaidi, hapa mtaani Kanyenye, mwanangu, ingawa nimechoka kuikumbuka. Nilikuwa binti wa kazi katika studio ya picha, mwanamke pekee mtaani mwenye kushika kamera, na kiburi kimenijaa hadi puani. Ndani kwa wanawake mpiga picha wa kiume haingii, basi nikaitwa mimi. Wakavua mitandio, wakacheza. Wakaniuliza, "Picha hizi hataziona mwanamume?" Nikaapa.

Kumbe nilijua kupiga tu. Kusafisha mkanda utoe picha nilikataa kujifunza, eti dawa zake zinaniumiza kichwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mimi sikuinama. Nikampa bosi wangu, mwanamume, mkanda ausafishe, bila kumwambia nilichoapa. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, picha ya Mwanaidi iko kwenye kioo cha dirisha la studio, nywele wazi, na chini yake jina la bosi.

Wakwe walitaka kuvunja ndoa. Bi Saada, somo aliyemfunda bibi harusi, akanifuata. Nilimpa shikamoo, hakuitikia.

"Binti, kupiga umejifunza," alisema taratibu. "Kusafisha ulimwachia nani? Sisi tulikufungulia wewe, wewe ukampa mwanamume ufunguo."

Ndoa ilipona. Mimi sikuitwa tena ndani kwa wanawake kwa miaka mingi. Nilijifunza kusafisha baadaye, wakati hakuna anayenihitaji. Maji yakimwagika hayazoleki. Juzi nilikutana na Mwanaidi sokoni, sote tuna mvi. Aliitikia salamu yangu vizuri tu, kisha akauvuta mtandio hadi kwenye paji la uso.

Sasa wewe na wenzako mmeunda kikundi cha wapiga picha wanawake, nami nimefurahi, japo magoti yangu hayataki mikutano. Mnapiga vizuri kunishinda. Halafu picha za ndani mnamtumia fundi wa kiume azirekebishe kwenye kompyuta, naye anazirusha mtandaoni kwa jina lake. Inanichosha kuona kosa langu limevaa nguo mpya.

Mwanangu, jifunzeni kazi hadi mwisho wake, hata pale panapochosha. Anayejua kurekebisha amfundishe asiyejua, bila kuringa. Picha ya kuonyeshwa ibebe jina la aliyeipiga. Ya ndani isitoke mpaka aliyemo pichani aseme itoke.

Mungu awape macho makali na mikono isiyotetemeka. Na mlango wowote mtakaofunguliwa na wanawake, awajalie mkitoka muuache wazi kwa mwenzenu ajaye.