Mwanangu Alisema "Nimebadilisha Sauti", Sasa Kanisa Linamwita Mchawi

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la kanisa letu, maana hapa Toronto sisi Wakongo tunajuana kwa vilemba. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, natokea Uvira, naishi Rexdale na mume wangu na watoto wawili.

Kijana wangu mkubwa ana miaka kumi na tatu na anaimba kwaya. Tangu akiwa mdogo yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo, kwa sauti nyembamba iliyokuwa inawaliza kina mama. Walimwita malaika wetu, nami nilivimba kichwa, sikatai.

Jumapili iliyopita alianzisha wimbo, sauti ikakwama, kisha ikatoka nzito ya kiume. Wenzake wakacheka. Kila mwenye mtoto wa kiume anajua hiyo ni balehe tu. Lakini tuna nabii mgeni, ambaye kila ibada anatabiri kwamba kuna mtoto ataleta giza kanisani. Akamwita mbele.

"Sauti yako imeenda wapi?"

Mwanangu Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo, kwa heshima, akajikaza: "Nimebadilisha sauti." Maskini, alitaka kusema imebadilika.

"Umebadilisha na nani?"

"Na marafiki wa shule."

Alimaanisha hata wenzake sauti zao zimebadilika! Kanisa zima likalipuka, "Shindwa! Shindwa!" Nilitaka kueleza, lakini kelele zikanizidi.

Sasa nabii anataka Ijumaa apelekwe kwenye nyumba aliyofikia, afungiwe humo bila chakula wala maji mpaka akubali kuirudisha sauti. Mume wangu amekubali. Nimemweleza kwamba mtoto alikosea neno, akanijibu, "Mama watoto, huyu mtoto iko na kitu. Si ulisikia yeye mwenyewe alisema?" Si mtu mbaya, ila ameingiwa na hofu. Na mimi najua mambo hayo yanaishia wapi. Kule Uvira mtoto wa jirani yetu alipelekwa kuombewa hivyohivyo, tukaenda kumzika.

Nikimwambia mwalimu wake shuleni, naogopa serikali itanichukulia watoto wote wawili. Nikinyamaza, Ijumaa hiyo inakuja.

Mwanangu haongei tena nyumbani, ananong'ona tu ili sauti isisikike. Jana nilikuwa nasonga ugali, nikasikia nyuma yangu sauti nzito, "Mama." Nikaruka, mwiko ukanidondoka. Akanitazama, macho yamejaa machozi.

"Mama, hata wewe unaogopa mimi?"

Nilimkumbatia nikamwambia hapana, lakini alikuwa ameshaniona nikiruka.

Ndugu zangu, hasa mnaolea watoto ugenini, msinitukane, nishaurini. Ijumaa haijafika. Nimwambie nani, au nimkimbizie wapi mtoto wangu?