Ukungu Ndani ya Lenzi ya Babu

Wiki iliyopita nilirudi Ujiji, na binti wa dada yangu akanipiga picha kwa lenzi ya babu, aliyoifunga kwenye kamera yake mpya. "Ona, mama mdogo, inavyolainisha nuru! Huko mtandaoni watu wanazitafuta hizi kwa tochi. Lenzi mpya hazina roho." Nikacheka, ila nikaepuka kuitazama lenzi ile.

Ungeijua studio ya picha ya babu, ungenielewa. Chumba kimoja, dirisha limezibwa, pazia jeusi zito, harufu ya dawa za kusafishia picha. Macho ya babu yalishaanza kuingia mtoto wa jicho, kwa hiyo kila nikitoka shule alinikalisha kwenye kigoda, akapima fokasi kwa uso wangu kabla mteja hajaingia. "Uso wako naujua, mwana wanje, mwanangu. Ukitulia wewe, picha inatulia." Basi nikatulia, jasho linanitiririka, nawasikia wenzangu wakipita mbio kwenda kuogelea ziwani. Nilikichukia kigoda kile, Mungu anisamehe.

Kazi yangu nyingine ilikuwa mchele. Hewa ya ziwa huotesha ukungu ndani ya vioo, hivyo lenzi ililala kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya mchele niliokuwa nikiukaanga upya kila Ijumaa mpaka ukauke kau. Bibi alikuwa akinung'unika kwamba kioo kinakula wali kutushinda sisi. Masika moja nikaacha kuukaanga. Wiki baada ya wiki niliurudisha koponi na unyevu wake, nikiomba lenzi ife nami nikaogelee.

Ukungu ukaota kama utando wa buibui. Picha zikatoka na weupe, maharusi wakalalamika. Babu akaifuta lenzi kwa shati, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akashindwa kuona kitu. Akanipa mimi.

"Hebu niangalizie. Ni safi?"

"Ni safi, babu."

Akakaa kwenye kigoda changu. "Basi ni macho yangu," akasema. "Yamekwisha."

Kesho yake hakufungua studio. Niliogelea siku hiyo mpaka vidole vikakunjamana. Niliporudi nilimkuta barazani, mikono mapajani, akaniuliza maji yalikuwaje.

Studio sasa ni saluni, na harufu ya zile dawa sijaisikia tena popote. Leo binti ameniomba tena nikae kwenye kiti, nitulie, apige nyingine. Nimetulia. Anaupenda sana ule weupe unaonizunguka uso. Sijamwambia ulitoka wapi, kama nilivyoshindwa kumwambia babu, aliyekufa akiyalaumu macho yake.