Mkia Chini ya Neno

Mchoraji wa vibao wa Butembo hakuweza kutulia. Hata akinywa chai, kidole chake kiliandika mezani. Herufi zake ziliinama mbele kama watu wanaopanda mlima na mizigo, na neno halikwisha mpaka burashi irudi chini yake ivute mkia mrefu. Mkia huo ulikuwa kwenye duka la vitenge, kwenye baa, hata kwenye msalaba wa kaburi la katekista. Waasi walipouteka mji walimwamuru aandike ukutani pa soko: Uhuru wa Pili. Nao ukapata mkia.

Jeshi liliporudi, kapiteni aliapa kumpiga risasi aliyeandika ukuta ule. Akampa mchoraji ubao mbele ya soko zima: “Andika: Karibu Jeshi.” Akaandika herufi wima, kavu, kama za darasa la kwanza. Mama Antoinette wa duka la vitenge akaguna, “Yezu! Mubaya vile?” Tukamkanyaga mguu.

“Bon,” kapiteni akasema. “Hapana huyu. Enda.”

Mchoraji akapiga hatua, akageuka, akautazama ubao kama mtu aliyesahau mtoto njiani.

“Mais kapiteni, haiyaisha.”

Akavuta mkia.

Kapiteni akatazama ubao, akatazama ukuta, kisha malori yake, yaliyokuwa hayana neno hata moja ubavuni.

“Kumbe njo weye uliandika,” akasema taratibu. “Bon. Leta burashi.”

Wiki ile malori yaliteremka Beni kuwasaka waasi, maandishi yameinama mbele, kila neno na mkia wake.