Mzigo Niliopokea Ngomeni

Mfanyabiashara anaweza kukudanganya kuhusu bei aliyonunulia mali, kuhusu ubora wake, hata kuhusu umri wake mwenyewe akiwa na sababu. Kuhusu shingo yake hadanganyi, maana shingo unaiona. Njoo Kanyenye, hapa Tabora mjini, ulizia muuza asali anayetembea akitazama vidole vya miguu yake. Utaonyeshwa kabla hujamaliza kuuliza. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nikitembea wima kama mlingoti. Haya yalinipata mimi, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa na homa wala sijawahi kuonja pombe.

Nilikuwa nimepeleka asali Mombasa, ndoo arobaini. Nilizihesabu Tabora, nikazihesabu tena nilipofika, na kila kifuniko kilikuwa na jina la mpokeaji kwa kalamu nene. Mzigo usio na jina ni zawadi kwa mwizi; ndivyo nilivyokuwa nikiwafundisha wenzangu. Weka hilo akilini.

Mnunuzi wangu akaniambia nirudi baada ya swala ya adhuhuri na chakula. "Nenda katembee ngome ya Mreno," akasema. "Kila mgeni huenda."

Nikaenda. Mlangoni kijana wa kuongoza wageni akanitajia malipo yake. Nikamtajia nusu. Akashuka kidogo, nami nikapanda kidogo sana, mwisho tukashindwana. Nikaingia peke yangu. Nani amlipe mtu amwonyeshe ukuta? Ukuta naujua.

Lakini ukuta ule sikuwa naujua. Unene wake unaweza kulaza ng'ombe watatu mstari mmoja, na joto lilikuwa limekaa ndani yake kama kwenye tanuri la matofali. Nilihesabu mizinga ya vita iliyopangwa chini nikapata kumi na moja. Nikarudia, nikapata kumi na mbili. Jambo hilo likaniudhi, maana mimi sikosei. Nilikuwa naanza mara ya tatu niliposikia mtu nyuma yangu.

"Mwangaluka."

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya kwetu, Unyamwezini. Niamini, ukiwa ugenini ukasikia lugha ya nyumbani, unageuka huku ukitabasamu kabla hujajua unamtabasamia nani.

Alikuwa amesimama uani, juani, kajifunga kaniki kiunoni, kifua wazi. Kichwani alikuwa na ngata, na juu ya ngata mzigo mrefu uliovingirishwa kwenye mkeka na kufungwa kamba za magome. Urefu wake ulikuwa kama mtu aliyekunja magoti. Shingo yake ilikuwa imezama mabegani, hata kidevu kikagusa kifua. Nikajua mara moja: mwigizaji, wamemweka hapa awaonyeshe watalii jinsi wapagazi wa misafara walivyokuwa. Nikasema moyoni, huyu anajua kazi yake.

"Mwangaluka, ndugu," nikamjibu. "Ila asubuhi imeshapita. Saa sita hii."

"Kwangu haijapita," akasema. "Unanukia asali ya msitu. Umetoka Unyanyembe."

"Kanyenye."

"Ndiko huko huko. Nitue, ndugu yangu."

Sasa nisikilize vizuri. Sisi tuliozaliwa kwenye koo za wapagazi tuna desturi moja. Mtu akifika na mzigo kichwani, hautupi chini mwenyewe. Wewe mwenyeji unatoka, unasema "lete nikutue," unaupokea kwa mikono miwili. Na ukishaupokea ni wako, mpaka umfikishie anayestahili kuupata. Bibi yangu hakukubali tuguse hata kuni za jirani kama hatuko tayari kuzifikisha jikoni kwake. Nililijua hilo tangu sijaota meno ya utu uzima. Ila mtu akidhani anatazama mchezo, akili yake huiacha nje pamoja na viatu.

"Ndani kuna nini?" nikamuuliza.

"Mtu wa kwetu. Amekaa ugenini mno."

Nikacheka. "Na nikikutua nimpeleke wapi?"

"Ujiji."

"Ujiji! Wewe nauli ya Kigoma unaijua? Mpaka Tabora tu. Pale stendi, na sisogei hata hatua moja mbele."

"Tabora," akasema. "Nimekubali."

Ndugu yangu, nimefanya biashara miaka ishirini na mbili. Bei ikikubaliwa mara ya kwanza, bila mtu kusonya wala kujifanya anaondoka, ujue umeibiwa. Nililijua hilo mikono yangu ikiwa tayari hewani. Alitaja Ujiji ili nimshushe mpaka pale pale alipopataka. Ujanja ule ule ninaowafanyia watu kila siku ya Mungu.

Nikaupokea. Haukuwa na uzito wowote, kama kubeba mkeka mtupu. Yeye shingo ikapanda. Ikapanda taratibu, mfupa baada ya mfupa, nikasikia ikilia kama mlango mkavu. Kumbe alikuwa mtu mrefu, kunizidi. Akatazama juu mbinguni, na machozi yakamtoka. Mwigizaji gani analia hivyo kwa mtazamaji mmoja?

Nikapepesa jicho. Uani hapakuwa na mtu. Na mikononi mwangu hapakuwa na kitu.

Nikatoka, si kwa mbio, ila si kwa mwendo wangu wa kawaida. Mlangoni nikamuuliza yule kijana, "Mwigizaji wenu wa mzigo, analipwa na nani?"

"Hatuna mwigizaji, mzee." Akanitazama juu ya kichwa, si usoni. "Umemtua?"

Nikatoa noti, nimpe ile pesa niliyomnyima mwanzo, ili anieleze. Akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. "Ondoka nayo tu, mzee wangu. Safari njema." Umewahi kuona mwongoza wageni akikataa pesa?

Nilimaliza biashara jioni ile, nikapanda basi asubuhi kurudi Tanzania. Nilikuwa na begi la nguo na boksi la haluwa la mke wangu. Vitu viwili, nilihesabu mara mbili. Kondakta akaja.

"Mzee, mizigo mitatu. Ule mrefu hauingii ndani, upeleke buti."

"Mrefu upi?"

"Huo ulio..." Akafuta macho. "Basi, kaa. Kaa tu."

Siti ya pembeni yangu ilikuwa tupu njia nzima, na basi lilikuwa limejaa watu waliosimama.

Tulipofika Tanga nilidhani nimelala vibaya. Morogoro nikanunua dawa ya kuchua. Dodoma nikabadili gari, na nilipokuwa nakata tiketi sikuweza kuinua macho kumwona mkatisha tiketi. Nilijadiliana na tumbo lake. Kati ya Manyoni na Itigi sikuona pori wala anga, niliona magoti yangu. Wazee wetu walitembea njia hii miezi mitatu na pembe za ndovu vichwani. Mimi nilikaa kwenye kiti, na nikalia.

Nilijifariji kwa jambo moja: makubaliano ni makubaliano, mpaka stendi ya Tabora. Niliposhuka nikasimama katikati ya bodaboda na wauza karanga, nikasema kwa sauti, "Tumefika. Mzigo huu hapa."

Watu wakanigeukia. Hakuna aliyekuja. Na hapo, chini ya jua la kwetu, ndipo nilipoliona kosa langu. Nilijadili umbali. Nilisahau kuuliza jina la mpokeaji. Mimi, wa kalamu nene! Mtu yule wa ndani ya mkeka alikuwa na jina, alikuwa na ukoo, pengine wajukuu wa wajukuu zake wako mtaa wa Mtendeni sasa hivi wanapika chai, na sikuuliza hata anaitwa nani.

Nikaenda nyumbani. Mke wangu Zuhura alinisikia langoni, akatoka mbio kama afanyavyo siku zote.

"Pole na safari, Baba Asha! Mbona umepinda hivyo? Lete nikutue."

Begi lilikuwa mkono wa kulia, boksi mkono wa kushoto. Zuhura hakunyoosha mikono huko. Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa changu, mahali pasipo na kitu, na viganja vyake vikatulia hewani, wima, kama vimegusa mkeka. Na nakuapia, ndugu yangu, nikahisi shingo ikianza kupanda. Mfupa mmoja. Wa pili. Utamu wake siwezi kukueleza.

Ningenyamaza tu, ingekuwa imekwisha.

Nikampiga mikono. Nikampiga kwa nguvu, akaanguka kizingitini na boksi la haluwa likapasuka. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kumgusa mke wangu vile. Alinitazama kama mtu asiyenijua. Siku ya tatu akaenda kwa kaka yake huko Lusu, akakaa miezi minne. Amerudi, Mungu amlipe, na nilimweleza yote. Lakini nikiingia nyumbani sasa hatoki. Hukaa ndani, kajikumbatia, mikono kwapani, mpaka nimekaa.

Hospitali walinipiga picha. Daktari akauliza, "Umebeba zege miaka mingapi?" Nimejipima kwenye mwimo wa mlango, mara mbili: nimepungua vidole vitatu. Nalala nimekaa. Nimezunguka mitaa yote ya wenyeji nikiuliza nani alipotelewa na babu pwani, wakaniuliza babu gani, jina lake nani. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vyombo, ambaye huwapokelea watu vifurushi, alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akasema, "Baba, mzigo bila jina unarudi ulikotoka. Hakuna njia nyingine."

Hata mimi nimeliwaza hilo. Ule ua. Saa sita. Wageni wanaingia kila siku, na wengine ni wabishi wa bei kama mimi, wanaingia bila mwongozaji. Sijakata tiketi. Lakini nauli nimeiulizia, mara mbili.

Kwa hiyo, ukienda ngome ya Mreno, mlipe kijana anachotaka. Ukimkuta uani mtu mnyonge wa kutoka Tabora, anakuomba umtue kidogo tu, usicheke naye. Na kama umeshaanza kujadiliana naye, ukataja masharti yako, akakubali mara ya kwanza, kimbia. Usigeuke hata akikuita ndugu. Huyo atakuwa ni mimi.