Nyota Tano za Bia ya Chungwa

Walimwita Bwana Pua, wala si kwa ukubwa wa pua yake. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, imekaa mahali pake bila makuu. Jina alilipata kazini. Katika kiwanda kikubwa cha bia alikofanya kazi miaka kumi na minane, alikuwa na mazoea ya kusimama mlangoni asubuhi, kuvuta pumzi moja ndefu, na kusema kwa upole, kama mtu anayetoa pole ya msiba: "Tangi la nne linataka kuharibika." Mara ya kwanza wenye vipimo walicheka. Kesho yake walikwenda kupima, wakarudi kimya.

Alipoacha kiwanda aliungana na shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, wakafungua baa. Mbele palikuwa na meza tisa na kaunta ya mbao. Nyuma, katika chumba ambacho zamani kilichapisha kadi za harusi, walisimamisha matangi matatu ya chuma. Bia yao haikuwa msafiri. Ilizaliwa nyuma, ikapita katika mpira mrefu uliolazwa chini ya sakafu, ikatokea mbele kwenye koki. Hatua ishirini na mbili, ndiyo safari yake yote duniani. Shemeji alishika mbele, maneno na wateja. Bwana Pua alishika nyuma, mvuke na ukimya.

Wiki ya tatu tangu wafungue, mtu mmoja aliandika mtandaoni: "Nimekunywa bia nikiwa nimesimama kote nilikopita. Hapa nimekaa." Nyota tano. Aliyeandika alikuwa fundi wa meno bandia, mwenye karakana nyumba ya tatu kutoka pale. Mtu aliyezungukia kila baa inayopika bia yake yenyewe, akiandika juu ya kila glasi kwa umakini ule ule aliochongea magego. Shemeji aliyachapisha maneno yale, akayatia katika fremu, akayatundika juu ya kaunta.

Kisha ikaja homa. Siku tisa tu. Ilipoondoka, iliondoka na mali ya mwenyeji wake. Bwana Pua alirudi kazini, akafungua gunia la kimea, ile shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, ambayo alizoea kuiinamia kila asubuhi kama anayebusu utosi wa mtoto. Akainama. Ilikuwa kama kutia uso katika gunia la kokoto. Akayaendea maua ya hopi, yale yanayoipa bia uchungu wake, akayafikicha kiganjani, akayaleta puani. Hakuna kitu. Ulimi ulibakiwa na utamu, uchungu, chumvi na ukali, basi, kama mtu aliyeachiwa irabu peke yake katika lugha nzima.

Alingoja mwezi, akangoja wa pili. Daktari alisema kwa wengine harufu hurudi na kwa wengine hairudi, akamfungulia mlango. Habari hiyo alimpa mtu mmoja tu, binti yake wa pekee, aliyekuwa mpimaji wa maabara katika mji ulio mwendo wa siku mbili.

"Usimwambie mjomba wako," alimwambia kwenye simu.

"Sasa utapikaje, baba?"

"Daftari ninalo. Na watu wataninusia. Si wanaandika, mama? Wakishakunywa wanaandika. Maoni yao ndiyo pua yangu sasa."

"Sawa, baba," binti alisema.

Tangu hapo alipiga simu kila Alhamisi saa kumi, anapotoka zamu. Swali lake lilikuwa moja: "Wiki hii kuna nini kwenye matangi?" Naye Bwana Pua, aliyekuwa mchoyo wa maneno kwa watu wote, alimweleza kwa kirefu: asali kiasi gani, tangawizi imekatwaje, maganda yametiwa lini.

Na maoni yakaja. Yalikuja kama mvua baada ya kiangazi. Palikuwa na aliyejiita Kiu ya Jumamosi, na Mama Mapovu, na Mnywa Taratibu, na wengine. Kila asubuhi Bwana Pua alikaa juu ya kreti lililopinduliwa chini juu, akavaa miwani, akasoma. Mama Mapovu akiandika kwamba tangawizi imechelewa kidogo kufika, alizidisha tangawizi. Mnywa Taratibu akiandika kwamba asali haina haraka wala kelele, aliiacha asali ilivyo. Na kila mmoja alimjibu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: "Asante. Karibu tena."

Kizuri chajiuza, alijiambia. Jambo moja tu halikumwingia akilini: mbona hakijiuzi?

Maana meza zilikuwa zikipungua watu. Kwanza waliondoka wale wa kona, wacheza karata. Kisha walimu wa Ijumaa. Waliobaki waliagiza glasi moja, wakaiacha nusu, wakakumbuka kwamba wana safari. Dada wa kaunta, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na moyo laini, alikuwa akimwaga masalio yale katika sinki huku amefungulia maji kwa nguvu, ili huko nyuma zisikike kelele za maji peke yake.

"Leo vipi huko mbele?" Bwana Pua aliuliza.

"Leo baridi. Watu wanataka chai."

"Jana ulisema joto."

"Jana kulikuwa na joto, Bwana Pua. Hali ya hewa si mali yangu."

Shemeji naye alileta friji moja ya bia za chupa, "kwa wageni wasiojua," alisema. Kisha ya pili. Mwanzoni mwa mwezi alikuja mpaka nyuma, jambo ambalo hakulizoea, akasimama kati ya matangi akichezea funguo.

"Shemeji, hatujawahi kukosana mimi na wewe."

"Hatujawahi."

"Basi tusianze. Mwezi huu ukiisha na koki bado zimelala, chumba hiki nitakifanya stoo ya chupa. Wewe utakaa mbele na mimi. Utasalimia watu."

"Nisalimie watu," Bwana Pua alirudia, kama mtu anayeonyeshwa kaburi na kuulizwa kama anapenda upana wake.

Alipigana kwa silaha aliyokuwa nayo. Alhamisi ile alimwambia binti yake kwamba kesho anatia maganda ya chungwa katika tangi la asali, bia aliyoipenda marehemu, na Jumanne ataifungua. Akilifungua tangi lile, alisema, watu watarudi. Binti alisema, "Watarudi, baba. Hiyo wataipenda."

Jumanne akalifungua. Jumatano asubuhi alikaa juu ya kreti na miwani yake. Mnywa Taratibu, nyota tano: "Ganda la chungwa linakupokea mlangoni, asali inakusindikiza hadi barabarani." Bwana Pua aliyasoma mara tatu. Moyo wake ulipanda hadi mahali ambapo haukuwa umefika kwa mwaka mzima.

Chini yake palikuwa na maoni mengine. Nyota moja. "Inanuka tambara la deki lililosahaulika ndooni. Nimeandika haya kwa huzuni."

Aliyaleta mbele akiwa ameshika simu kwa mkono ulionyooka, kama anayeshika panya kwa mkia. "Mmoja anaponda, hamsini wanasifu! Ni nani huyu mwenye wivu?"

Dada wa kaunta alitazama jina, kisha akainua macho ukutani, kwenye fremu. Shemeji naye akatazama fremu. Jina lilikuwa lile lile.

"Mwite," alisema Bwana Pua. "Kesho mchana. Aje aseme mbele yangu."

Fundi wa meno alikuja Alhamisi saa sita, vumbi jeupe la plasta bado limo katika nyusi. Hapakuwa na mteja hata mmoja. Dada alimkingia glasi, akaiweka mbele yake na kurudi nyuma hatua moja. Fundi aliinusa, akaonja kidogo, akaishusha pale pale ilipokuwa imeacha alama ya maji.

"Mzee wangu," alisema, "nakuheshimu. Lakini wahenga hawakukosea. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Sijatia maji hata tone!"

"Ingekuwa maji ningekushukuru."

Shemeji alicheka kabla hajajizuia. Bwana Pua hakucheka. Alitoa simu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, kama wakili mwenye shahidi mmoja: "Sikiliza basi huyu, wa jana tu. 'Ganda la chungwa linakupokea mlangoni...'"

"Chungwa lipi?" Dada wa kaunta aliuliza.

"La kwenye bia. Lipi tena?"

"Bwana Pua, Ijumaa sokoni machungwa hayakuwepo. Umesahau? Ulinituma mara mbili. Mwisho ukasema basi, lete ndimu. Hata ubaoni nimeandika."

Wote waligeuka. Ubao ulikuwa nyuma yake, na mwandiko wa chaki wa Dada ulikuwa mkubwa, wa duara: Asali na Ndimu.

Bwana Pua aliutazama ubao kwa muda mrefu. Ndimu. Alizimenya mwenyewe, kwa kisu kidogo, na maganda yalikuwa ya kijani mikononi mwake. Ukimtoa Dada, aliyerudi bila machungwa, neno chungwa alikuwa amelitamka kwa mtu mmoja tu chini ya jua. Na mtu huyo hakuwahi kukanyaga katika mji huu tangu mazishi ya mama yake.

Akarudi juu kwenye orodha, kwa kidole kile kile kimoja. Kiu ya Jumamosi. Mama Mapovu. Mnywa Taratibu. Hakuhitaji pua kwa hilo. Yote yaliandikwa Alhamisi usiku, au kesho yake, au siku ya kufungua tangi. Yote yalitaja kile alichokieleza kwenye simu, wala hayakutaja kitu ambacho hakukieleza. Mwaka mzima alikuwa akiuliza mwangwi njia.

"Wewe," alimwambia Dada polepole, "wewe unainusa?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Mbona hukuniambia?"

Dada alikunja tambara lake, akalikunjua. "Mtu anaitwa Pua," alisema. "Utaanzia wapi kumwambia kitu kinanuka? Nilidhani unajua. Nilidhani una sababu."

"Sinusi," alisema Bwana Pua. Neno lilitoka dogo, likaanguka kati ya meza tisa tupu. "Tangu homa. Sinusi chochote."

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Fundi wa meno, kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, aliomba bisibisi, akapiga goti kwenye koki, akaufungua mpira wa kupitishia bia. Aliukamua mwisho wake. Ukatoka utando mzito wa kijivu, kama makamasi ya mzee. Shemeji aliziba pua kwa kiganja. Dada alikwishaziba.

"Ni mpira tu, mzee wangu," alisema Fundi, na sauti yake sasa ilikuwa ya huruma, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Bia yenyewe labda haina kosa."

"Tutanunua mpira mpya," alisema Shemeji haraka. "Na Dada atakunusia, shemeji. Si ana pua?"

Bwana Pua alitikisa kichwa. "Dada atajua bia ikishaharibika. Mimi nilikuwa najua siku moja kabla." Alivua miwani, akaikunja. "Leo mpira, kesho kifuniko, keshokutwa gunia la shayiri lililolala pabichi. Leta friji zako."

Shemeji alifungua kinywa kubisha. Alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwa amengoja mwaka mzima, akatoa simu kuwaita wachukuzi.

Bwana Pua aliingia chumba cha nyuma peke yake, akafungua vali za matangi yote matatu. Bia ilitoka kwa nguvu, ikajaa katika mfereji wa sakafu, rangi ya dhahabu, ikibeba povu jeupe kama kitani cha bibi harusi. Alisimama katikati, viatu vimelowa, akavuta pumzi hadi mbavu zikamuuma. Lita elfu na mia mbili za asali, tangawizi, ndimu na kazi ya mikono yake zilipita chini yake, naye hakunusa chochote, kama aliyesimama juu ya barafu.

Saa kumi kamili simu ililia.

"Baba! Zamu imeisha sasa hivi. Ile ya chungwa imekwendaje?"

Aliketi juu ya kreti. Alikuwa na maneno tayari. Alikuwa ameyapanga kwa saa mbili, makali, ya haki. Lakini nyuma ya sauti ya binti alisikia miguu yake ikitembea upesi, mkoba ukigongana na funguo, pumzi ya mtu aliyesimama tangu alfajiri akiinamia damu za wagonjwa na bado, mara moja kwa wiki, anakaa chini na kutunga watu wa kumpenda baba yake.

"Imekwenda vizuri, mama."

"Si nilikwambia!" Alicheka, na kicheko kilikuwa cha mama yake. "Na wiki hii kuna nini?"

Sakafuni povu la mwisho lilikuwa likipasuka, kijishimo baada ya kijishimo.

"Narudia ile ile," alisema. "Nimeongeza chungwa kidogo. Kesho naifungua."

"Ongeza, baba. Wanaipenda sana."

"Wanaipenda," alisema Bwana Pua.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, wachukuzi wawili walikuwa wakiingiza friji katika chumba cha nyuma, wakilaumiana mlangoni nani aliyeshika upande mzito. Matangi yalikuwa wazi na makavu, yamesukumwa ukutani. Bwana Pua alikuwa juu ya kreti lake, njiani mwao, simu ilipolia mlio mdogo. Alivaa miwani.

Mnywa Taratibu. Nyota tano. "Safari hii chungwa limekolea hasa. Ukipita nje tu, unalisikia."

Alinyanyua uso kidogo, akavuta pumzi. Akashusha uso. Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika: "Asante. Karibu tena."

"Mzee," alisema mchukuzi wa mbele, akihema, "samahani, tunaomba hilo kreti."