Upepo wa Kubebea Keki

Kwenye mambo ya tairi mimi sijui unyenyekevu, na sioni kwa nini nijifunze sasa. Niliondoka Mombasa nikiwa na begi moja la mkono. Uarabuni nilianza kwa kuosha magari juani, nikapanda hadi kufunga tairi, na kila jioni baada ya kazi nilikuwa darasani mpaka nikapata stashahada ya ufundi wa magari. Karo nililipa mwenyewe. Leo stashahada hiyo imetundikwa ukutani katika duka langu la tairi Ganjoni, mahali ambapo mteja anayesubiri hana pengine pa kutazama.

Kwa hiyo keki za shangazi yangu zilipoanza kupasuka njiani, ningekasirika kama angemwita mtu mwingine.

Shangazi huoka keki za harusi nyumbani kwake Mji wa Kale. Kwa miaka mingi, mama mwenye binti wa kuoza alikwenda kwake kwanza, kisha ndipo akatafuta ukumbi. Lakini miezi michache baada ya mimi kurudi, keki mbili zilimharibikia. Ya kwanza ilifika ghorofa yake ya juu imeteleza upande, kama kofia iliyovaliwa kwa haraka. Ya pili ilifika na ufa uliopita katikati ya waridi za sukari. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mkono wake umezeeka. Sasa alikuwa na keki ya ghorofa tatu ya kupeleka Ganjoni, kwa mama mmoja anayejulikana mji mzima kwa kukagua pilau ya watu punje kwa punje.

"Hii ikifika na ufa, naacha," aliniambia. "Oveni naiuza."

Hakuwa akitania. Nilimjua tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kumsikia akitaja kuiuza ile oveni.

Keki hizo hubebwa na mumewe, ambaye sisi sote twamwita ami. Ami alikuwa karani bandarini Kilindini maisha yake yote ya kazi, akishinda na madereva wa malori. Kutoka kwao alijifunza desturi moja. Dereva wa lori hupiga tairi kwa chuma kabla ya safari. Ikilia vizuri, imeshiba, twende. Kwa lori, sawa kabisa. Lakini ami alikuja nayo nyumbani, akaifanyia gari lake dogo la Kijapani lenye buti refu. Kila asubuhi huipiga teke tairi, na kidole kisipomuuma humwambia mtu wa pampu aongeze.

Nilikwenda kwao alfajiri ya siku ya harusi, kabla gari halijasogea, kwa sababu upepo hupimwa tairi ikiwa baridi. Ukipima baada ya safari, joto limeshaukuza na kipimo kinakudanganya. Ami alitoka na kikombe cha kahawa.

"Sabalkheri, ami."

"Sabalkheri, injinia. Umekuja kuamsha tairi?"

Nilipima. Zote nne zilikuwa zimepita paundi hamsini. Nikafungua mlango wa dereva na kumwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo yake, ile ambayo kila mtu huipita akidhani ni mapambo kwa kuwa imeandikwa Kijapani. Kijapani sikijui, lakini tarakimu ni tarakimu: mia mbili na thelathini, kwa kipimo cha wenzetu cha kilopaskali. Kwa kipimo chetu cha paundi, hiyo ni thelathini na tatu.

"Waliounda gari wameandika thelathini na tatu," nikasema. "Wewe umeweka hamsini."

"Waliounda wako Japani. Matuta yako hapa."

"Ndiyo maana. Tairi ngumu haimezi tuta, inalirusha juu, na lililorushwa linapokelewa na keki. Tazama pia inavyolika. Pembeni nzima, katikati kipara."

Ami alijipapasa kichwa. "Hata mimi nina kipara katikati, na bado natembea."

Shangazi aliangua kicheko dirishani, nami nikatumia nafasi hiyo kupunguza upepo. Mbele niliweka thelathini na tatu. Nyuma niliweka thelathini na sita, kwa sababu ya keki, meza yake ya chuma, na shangazi mwenyewe, ambaye kwa heshima sitataja uzito wake. Nikaenda dukani moyo ukiwa mweupe.

Baada ya sala ya alasiri nilirudi kuwasindikiza. Keki ilikuwa imeshapakiwa, na shangazi ameketi nyuma akiikumbatia kwa macho. Sikuhitaji kipimo. Gari lilisimama kwa ncha za vidole, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta.

"Ami, umefanya nini?"

"Nilipita kituo cha petroli. Tairi zilionekana zimechoka, nikazionea huruma."

Shangazi alifumba macho akaanza kuvuta uradi. Mimi nilipiga magoti kwenye matofali ya kabro na kanzu yangu ya harusi, nikafungua valvu. Hapa ndipo elimu inapolipa. Tairi zilikuwa zimetoka barabarani na jua la mchana, kwa hiyo kuzishusha hadi kipimo cha alfajiri lingekuwa kosa. Zikipoa zingebaki chini ya kipimo chake cha haki. Niliziacha paundi tatu juu, mbele na nyuma.

Shangazi alifumbua jicho moja. "Toa zaidi, mwanangu. Toa mpaka ziwe kama mto wa kulalia."

"Hapana, shangazi."

"Nakuomba. Waijua hali yangu."

"Moto wa oveni ukizidi, keki huwa vipi?"

"Hupasuka juu."

"Ukipungua?"

"Hulala katikati." Alilifumba tena jicho. "Basi. Funga."

Nilimweleza njiani yaliyobaki: tairi legevu huyumba kwenye kona, na keki ya ghorofa tatu haipendi kuyumba, tena tairi hiyo hupata joto, na joto ndilo linaloipasua. Sidhani alisikia. Kila tuta alilishika bega langu, na kila tuta gari lilishuka taratibu kama mtu anayekaa kwenye kiti cha watu. Tulipoingia Ganjoni ami alipunguza redio, asikilize kishindo cha tairi, na hakukuwa na cha kusikiliza.

Ukumbini, mama yake bibi harusi aliizunguka keki mara mbili. Aliinama akatazama chini ya kila ghorofa. Aligusa waridi moja kwa ukucha. Kisha akamwambia msichana wa vyombo, "Kisu kiweke mbali mpaka bibi harusi aje. Sitaki mtu aiguse." Kwa waliomjua mama yule, hizo zilikuwa sifa za kuandikiwa shairi.

Shangazi aliketi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuketi kwa raha tangu juzi.

Ami alikuwa mlangoni tayari akiwaeleza wanaume kwamba siri ni mguu wa dereva kwenye breki. Nilikwenda kuwarekebisha, nikawaeleza habari ya ile karatasi mlangoni, na wawili waliniahidi kuja dukani. Ami akasema fundi mzuri humshukuru dereva. Nikasema dereva mzuri haonei tairi huruma. Tungeendelea mpaka isha.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiitazama keki akamwendea shangazi. "Bibi, na mimi namwoza binti baada ya Ramadhani. Lakini nakaa Likoni."

Likoni ni feri, na feri ni ile ngazi ya chuma ambayo kila gari huipanda kwa kishindo. Ami alinitazama. Mimi nilianza kupiga hesabu kichwani.

Shangazi hakutugeukia, mimi wala mumewe. Alijitengeneza buibui lake, akamwuliza yule mwanamke, "Wageni wako wangapi?"