Siku Mguu Wangu Ulipokataa Posa

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa mmenilazimisha (na kwa kuwa nusu ya mji wa Kindu wanaisimulia tayari, tena wanakosea), afadhali mnisikie mimi mwenyewe: ndiyo, ni kweli, nilimpiga mkwe wetu kiatu cha kifua siku ya posa, mbele ya watu wote, na wakati huo huo mdomo wangu ulikuwa unamchekea.

Ili mnielewe lazima kwanza mjue huu mgongo. Uliharibika wakati wa vita, nilipokuwa binti, fundi wa cherehani, na siku risasi zilipokaribia mjini wenzangu walibeba magodoro na masufuria, mimi nikabeba kichwa cha cherehani yangu, chuma kitupu, nikakifunga mgongoni kwa kikwembe kama mtoto mchanga, tukaifuata reli kuelekea Kibombo. Kwenye kizuizi kimoja askari akaniuliza, "Mutoto wako halie?" Nikamjibu, "Huyu haliake kabisa, baba," tukapita. Cherehani ilifika salama. Mgongo haukufika. Tangu hapo nashona, naishi, nacheka, lakini mgongo ukinikasirikia siwezi hata kuinama kuokota sindano.

Basi mwanangu Idi, aliyepata kazi Dubai, akanipeleka India. Madaktari wa huko wakaniwekea chini ya ngozi, juu kidogo ya tako, kimashine kama kipande cha sabuni, na waya mwembamba unaopanda mpaka kwenye uti wa mgongo, kazi yake kutuma umeme kidogo wa kuyadanganya maumivu. Wakanipa na telekomande, yaani rimoti, ya kupandisha na kushusha umeme (wajukuu waliniuliza ninashika chaneli gani). Jamani, miezi ya kwanza nilicheza! Nilijifunga kikwembe nikafagia uwanja mzima, nikawaita majirani waje kuniangalia ninavyofagia. Halafu siku moja moto, pikipiki ya abiria, niliyopanda ikaingia kwenye shimo, barabara zetu mnazijua, nikarushwa juu nikarudi chini, na tangu siku ile maumivu yakahamia tena na virago vyake vyote. Daktari wa hapa aliitazama picha, akaniambia kwa upole, "Mama, waya imetoka mahali pake. Uzime hii kitu, usiiguse tena mupaka urudi India." Kurudi India, kana kwamba ni kuvuka mto! Nililia, siwafichi. Maumivu nilikuwa nayajua miaka yote, kilichoniliza ni kwamba nilikuwa nimeshayaaga.

Sasa tuje kwenye posa. Kaka yangu Ramazani ana binti, Furaha, ambaye nilimlea mimi tangu mama yake alipofariki, na huyo Furaha akapata mchumba, mwalimu wa Kalima, kijana mpole mpaka unamwonea huruma. Wazazi wake wakaja na ujumbe wao, na kwa kuwa mimi ndiye shangazi, mimi ndiye niliyepaswa kutoa jibu. Nikashona nguo ya mikono mipana, nikavaa viatu virefu (kwa mgongo huu!), nikaketi mbele kwenye kiti cha plastiki, wima kama naapishwa.

Kaka akaninong'oneza, "Dada, nikuletee muto?"

"Mimi muzee wa kuegemea muto? Acha!"

Kumbe kwenye mkoba nilikuwa na telekomande. Nilijiambia, kidogo tu, nani atajua, na mashine nilikuwa nimeichaji jana yake, eti kwa bahati.

Baba wa bwana-arusi, Papa Kalonda, mtu mrefu mwenye kofia, akasimama kusema. Jamani, yule baba anajua kusema! Alianza na babu yake alivyofika Kalima, akatupitisha kwenye machimbo, akamtaja kila shemeji, na huku mgongo wangu unawaka moto, nami natabasamu tu. Nikaingiza mkono mkobani, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Hatimaye akanigeukia:

"Shangazi, tumekuja kwa heshima. Huyu mutoto mutatupa, ao hapana?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, na kidole, sijui nani alikituma, kikabonyeza kwa nguvu zote. Umeme ukashuka mguuni badala ya kwenda mgongoni, mguu ukaruka wenyewe, kiatu kikapaa, kikamgonga Papa Kalonda kifuani na kumwangukia mikononi.

Baba wa watu akakitazama kiatu, akanitazama mimi.

"Hii njo jibu yenu?"

"Hapana, baba! Si mimi, ni mugongo!"

"Mugongo njo inakataa?"

Na mguu haukuacha! Telekomande ilikuwa imeniponyoka chini ya kiti, nami napiga mateke hewani, kaka anapiga kelele "Dada, acha, acha!" kana kwamba naweza kuacha, na nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Furaha ikilia. Papa Kalonda akaweka kofia sawasawa, watu wake wakaanza kusimama mmoja mmoja, yule mwalimu mpole amebaki ameshikilia kiti chake. Nikajitupa chini kwa magoti na mikono, kichwa chini ya kiti, makalio yakiwaelekea wakwe (Mungu anisamehe), nikaipata, nikazima. Mguu ukatulia. Nikataka kuinuka, mgongo ukafunga kama mlango. Basi nikawaeleza yote nikiwa vile vile, kama mbuzi: cherehani, India, waya, shimo la barabarani, na kwamba Furaha tunamtoa kwa moyo wote ila mguu haukuambiwa.

Aliyecheka kwanza ni dada yake Papa Kalonda, Mama Feza, mwanamke mnene aliyekuwa ameketi upande upande tangu walipofika.

"Kaka, ikaa! Nilikuwa naangalia uso ya huyu mama tangu asubuyi, nikasema, ile njo uso yangu. Mimi nilibeba mama yetu kwa mugongo, tukikimbia vita katika pori ya Punia. Unajua namna ninalalaka. Leteni mikeka mbili!"

Mikeka ikaletwa. Wakanilaza taratibu, naye akalala kando yangu, akashusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani, akasema, "Sasa uliza tena, lakini simama mbali na miguu." Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, hata Papa Kalonda, ambaye alilazimika kuinama juu yetu, kofia mkononi, na kuuliza upya tangu mwanzo (babu aliachwa, namshukuru). Nami, macho kwenye mabati, nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni: "Ndiyo! Tunamutoa!" Vigelegele vikapanda, Furaha akatoka nyuma ya pazia anacheka na kulia pamoja, akaja kulala katikati yetu na nguo yake mpya. Mazungumzo yote yaliyobaki tuliyamaliza tumelala.

Leo Furaha yuko Kalima na mume wake. Mgongo unauma bado, kila siku, wala sitegemei tena kwamba kuna kitu kitakachokuja kuuponya. Lakini nimeapa: sibonyezi tena kilichokatazwa, na nikialikwa popote nauliza kwanza nitalala wapi, halafu ndiyo nauliza chakula. Na kila asubuhi, kabla sijainuka, Mama Feza ananipigia simu.

"Mugongo imeamuka?"

"Imeamuka kabla yangu, dada. Na yako?"

"Yangu haikulala."

Tunacheka mpaka inauma.